Fimbo Hukabidhiwa Ikiwa Safi

Watu waliompa mkono walijifuta baadaye. Hawakufanya hivyo kwa ubaya. Wengine walijifuta kwenye mapaja ya suruali huku wakiendelea kuzungumza naye, wengine walisubiri ageuke, na wapo waliojifuta bila wao wenyewe kujua. Yeye alijua. Tangu utotoni alizifahamu namna zote za watu kujifuta, akazizoea kama mtu anavyozoea jina baya la utani.

Viganja vyake vilitoka jasho. Halikuwa jasho la kazi wala la jua, maana hata asubuhi ya baridi, akiwa amekaa tu, vilikuwa vimelowa kana kwamba ametoka kuosha vyombo. Shuleni alitoboa karatasi za mtihani kwa kuziegemea. Alipomaliza shule, kaka yake alimpeleka kwa mwoka mikate. Unga ulimganda mpaka kwenye vifundo vya mikono, na siku ya tatu mwoka mikate akamwambia, "Mdogo wangu, wewe hukandi unga, wewe unanawa." Akaenda kwa fundi cherehani. Huko alidumu wiki mbili, hadi gauni jeupe la bibi harusi liliporudishwa likiwa na alama za vidole vitano kiunoni. Akajaribu ukarani wa bohari, wino ukachuruzika. Kila alikopita aliacha unyevu na kutakiwa kila la heri.

Ndipo akafika kwenye kiwanda cha samani, kitengo cha msasa. Kazi hiyo watu waliikimbia, kwa sababu vumbi la mbao huingia hadi kwenye kope. Lakini siku ile ya kwanza, aliposhika kibao cha msasa na kuanza kusugua mguu wa kiti, vumbi lilimwagikia mikononi na kulinywa lile jasho lote. Alivigeuza viganja vyake na kuvitazama. Vilikuwa vikavu. Mtu mzima wa miaka ishirini na sita alisimama katikati ya kelele za mashine akitokwa na machozi, na msimamizi akadhani ni vumbi.

Alidumu hapo miaka ishirini na moja. Hapo ndipo alipopata mke, mpishi msaidizi wa kantini, ambaye siku ya kwanza kupewa mkono hakujifuta, bali alicheka na kusema, "Siku bomba likikauka nitajua pa kwenda kuchota." Hapo ndipo alipopata chumba na sebule katika nyumba za wafanyakazi, na watoto wawili wa kike. Na hapo ndipo alipopata jina lake la utani, Taulo, lililotokana na mchezo wa pool.

Nyuma ya stoo ya gundi palikuwa na ukumbi wa wafanyakazi, na ndani ya ukumbi huo meza moja ya pool, yenye kitambaa cha kijani kilichoshonwa mahali pawili. Mchezaji wa pool huilaza fimbo juu ya mkono wa kushoto na kuipitisha kati ya kidole gumba na cha shahada. Mkono ukiwa mkavu, fimbo huteleza na kwenda ilikoelekezwa. Ukiwa na jasho, fimbo hukwama, husita, kisha huruka, na mpira mweupe huenda unakotaka wenyewe. Mtu yeyote mwenye busara angemshauri Taulo acheze bao. Yeye aliupenda mchezo huo kwa jicho lake, kwa maana alikuwa na jicho la mtu aliyezoea kuona kasoro ya unene wa unywele kwenye ubao, na aliiona njia ya mpira kabla haujapigwa.

Kwa kuwa alikuwa mtu wa msasa, dawa yake ya kwanza ilikuwa msasa. Kila Jumamosi aliisugua fimbo ya ukumbi kwa msasa laini mpaka ikateleza kama kioo. Baada ya mwaka mmoja fimbo ilikuwa imekonda, mtu akipiga inatikisika mbele kama mkia wa mjusi. Kapteni wa timu, ambaye ndiye aliyekuwa mkuu wa kitengo cha gundi, aliinyanyua mbele ya watu wote. "Jamani, hii si fimbo tena. Hii ni ya kuchokolea meno."

Akaacha msasa, akajaribu poda ya watoto. Poda na jasho vikazaa uji. Mwishowe, kwa kukosea na kurudia, alifika kwenye vitambaa viwili. Cha kwanza alikilowesha na kukikamua hadi kisitoe tone, akaifuta fimbo nacho kutoka kwenye unene kuelekea kwenye ncha, kamwe asirudi nyuma, maana ukirudi nyuma unaishusha chaki ya buluu iliyopakwa kwenye ncha hadi kwenye mbao. Cha pili kilikuwa kikavu, nacho alikisugua haraka mpaka mbao ikapata joto. Chaki aliishika kwa mkono wa kulia tu. Fimbo hakuiegemeza ukutani, isije ikapinda. Na kile kitambaa kikavu, ambacho kilikuwa taulo dogo, kilikaa begani muda wote. Alikuwa akifuta fimbo na mikono kila baada ya pigo moja, na watu walimcheka mpaka alipoanza kuwafunga.

Fimbo ile iliyokonda ilibidi ipatiwe mrithi, na mrithi alitengenezwa na watu wawili. Mmoja alikuwa Taulo. Wa pili alikuwa shemeji yake, mdogo wa mwisho wa mkewe, ambaye Taulo mwenyewe alimwombea kazi kiwandani na kumfundisha pool kuanzia namna ya kusimama. Shemeji alikuwa kwenye mashine ya kukereza, ile inayozungusha mbao zichongwe mviringo. Alichagua kipande cha mbao ngumu kisicho na kifundo hata kimoja, akakikereza, na Taulo akakipiga msasa kwa mara ya kwanza na ya mwisho. Ikawa fimbo moja nzuri ya ukumbi. Zile nyingine zilikuwa zimepinda na zilitumika zaidi kufukuzia paka.

Kwa kuwa fimbo nzuri ilikuwa moja, wachezaji wawili waliitumia kwa zamu, na hapo ndipo kanuni ya kiwandani ilipohamia mezani. Kiwandani, chombo hukabidhiwa kikiwa safi. Anayetoka zamu hufuta randa, patasi au kibao chake, humpa anayeingia, na kusema, "Safi." Anayeingia hujibu, "Nimepokea," na kuanzia hapo chombo ni chake, kiwe kizuri au kibaya. Vivyo hivyo kwenye pool. Ukikosa, unaifuta fimbo, unamkabidhi mwenzako kwa upande mnene, unasema "Safi." Hakuna aliyekagua. Kukagua fimbo uliyopewa ilikuwa sawa na kumwambia aliyekupa kwamba mama yake hakumlea.

Na katika ukumbi wote hakuna aliyekabidhi fimbo safi kama Taulo. Watu walisema ni raha kucheza naye hata ukifungwa.

Tangazo lilibandikwa Jumatatu kwenye mlango wa stoo ya vifaa. Kiwanda kilikuwa kinapunguza watu. Kitengo cha msasa kingeletewa mashine, na mashine ya kukereza ingehamishiwa kwenye kiwanda kingine. Jina la Taulo lilikuwa la nne kutoka juu, la shemeji yake la tisa. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, iliandikwa kwamba wachezaji sita wa timu ya pool watakaokwenda kwenye mashindano ya viwanda watabakizwa na kupangiwa kazi nyingine, kwa agizo la mkurugenzi. Mkurugenzi alikuwa na kabati la vioo ofisini kwake, na kabati hilo lilikuwa na nafasi ya kombe.

Kapteni aliwaita watu ukumbini saa ya chakula. "Watano hawana mjadala," alisema, akawataja. "Nafasi ya sita…" Akavua kofia, akaikunja, akaivaa tena. "Nafasi ya sita ina watu wawili, na nyote mnawajua. Jumamosi saa nane, gemu tatu. Mimi sitachagua. Nikichagua mimi, sitalala."

Hakuna aliyewatazama Taulo na shemeji yake. Kila mtu aliona ghafla kwamba chakula chake kinapoa.

Jioni hiyo walirudi nyumbani pamoja kama siku zote, kwa kuwa milango yao ilitazamana.

"Shemeji," alisema yule kijana, "wewe una miaka arobaini na saba. Mimi thelathini na moja. Mimi nikitoka hapa nitapata pa kujishikiza."

"Kwa hiyo utaniachia?"

Shemeji aliutazama mlango wake, uliokuwa umeanza kuonekana mbele. Mke wake alikuwa na mimba ya miezi minane, na mtoto wao wa kwanza alikuwa hajaanza shule. "Siwezi," alisema mwishowe. "Nilifikiri naweza kusema, nimeshindwa."

"Afadhali umeshindwa. Ungesema, ningekubali. Sina aibu tena."

Hilo lilikuwa kweli, na ndilo lililomtisha. Alipofika ndani alikaa kitandani na kuvitazama viganja vyake, vikimeta kwenye mwanga wa dirisha. Alikumbuka unga, gauni na wino. Kazi moja tu duniani ndiyo iliyoikubali mikono hii. Nani angemwajiri mtu wa miaka arobaini na saba, tena aliyelowa? Na nyumba za wafanyakazi ni za wafanyakazi. Anayeachishwa hupewa siku kumi na nne za kuhama.

Jumanne alipaka maji ya limau. Jumatano alipaka shabu, viganja vikawasha usiku kucha na asubuhi vikatoka jasho lenye shabu. Alhamisi aliomba ruhusa, akaenda zahanati.

"Usiwe na wasiwasi," mganga alimwambia baada ya kumpima. "Wasiwasi ndio unaozidisha jasho."

"Daktari, Jumamosi nikikosa, nimekwisha. Mimi na watoto wangu."

"Ndiyo maana nakwambia usiwe na wasiwasi."

Alirudi akiwa na wasiwasi zaidi ya aliokwenda nao.

Mkewe hakuwa na upande wa kulalia. Kushoto kulikuwa na mume, kulia kulikuwa na mdogo wake aliyemlea mwenyewe tangu mama yao alipofariki. Wiki nzima alipika akamwaga, akapika tena. Ijumaa mchana alileta ndani vitambaa vilivyokauka, vya mumewe viwili na vya mdogo wake viwili, vimekunjwa sawasawa.

"Nimevifua vyote ndoo moja, sabuni moja," alisema. "Nimevianika kamba moja. Asije mtu akaniambia nilimpendelea mtu."

"Utakuja kutazama, mama watoto?"

"Nije nimshangilie nani? Wewe niambie, nitakuja."

Alichukua vyake viwili, akavikunjua, akavikunja tena.

Jumamosi saa nane ukumbi ulijaa hadi madirishani. Msumari, dereva wa toroli ambaye ulimi wake haukujua likizo, alikuwa amepanda juu ya kreti. "Leo mashemeji wanagawana mirathi!" alipaza sauti, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyecheka. Akashuka kreti taratibu.

Gemu ya kwanza alishinda Shemeji. Mikono yake ilikuwa mikavu kama karatasi, na alicheza haraka, kama mtu anayetaka kumaliza jambo baya. Gemu ya pili alishinda Taulo, kwa jicho lake na kwa vitambaa vyake. Alifuta baada ya kila pigo, akafuta mikono, akafuta fimbo, akafuta tena. Kila mmoja alipokosa aliifuta fimbo na kuikabidhi. "Safi." "Nimepokea." "Safi." "Nimepokea." Kelele pekee zilikuwa hizo na mipira.

Katika gemu ya tatu joto la mabati lilikuwa limeshuka hadi kwenye vichwa vya watu. Jasho la Taulo halikuwa tena la viganja peke yake. Lilimtoka kwenye vifundo, likateremka kwenye mkono wa kulia hadi kwenye kishikio. Kitambaa chake cha kwanza kilikuwa kimelowa, cha pili kilikuwa kinaelekea huko. Hata hivyo aliendelea, na Shemeji naye akaendelea, mpaka mezani ikabaki mipira miwili tu, mweupe na mweusi. Atakayeutumbukiza mweusi ndiye atakayebaki kiwandani.

Zamu ilikuwa ya Taulo. Mweusi ulikuwa mbali, karibu na ukingo wa juu. Aliinama. Aliiona njia, wazi kabisa, kama mstari wa penseli juu ya ubao. Akapiga. Kwenye nukta ya mwisho fimbo ilinata kwenye ngozi ya kidole gumba, ikaruka. Mweusi uligonga ukingo, ukarudi taratibu katikati ya meza, ukasimama kiganja kimoja kutoka tundu la kati. Mweupe ulisimama nyuma yake, kwenye mstari mmoja na tundu.

Ukumbi ulivuta pumzi. Hapo hata Msumari angeutumbukiza kwa mpini wa ufagio.

Taulo alisimama na fimbo mkononi. Aliisikia ilivyo. Kuanzia katikati hadi kwenye ncha ilikuwa imelowa, na juu ya unyevu ule chaki ilikuwa imeganda kama ukurutu. Mtu wa mikono iliyolowa anajua jinsi ya kuishi na fimbo kama hiyo, hupiga polepole, hulegeza kidole. Mtu wa mikono mikavu hajui. Hajawahi kuhitaji kujua.

Aliona kitanda chao kikiwa nje, kimeegemezwa ukutani. Aliona mwoka mikate, fundi cherehani, mkuu wa bohari, wote wamesimama mstari mmoja wakijifuta. Mkono wake ulikwenda begani, ukakishika kitambaa. Kitambaa kilikuwapo. Kilikuwa bado na kona moja kavu.

Akakipitisha hewani, umbali wa kidole kimoja juu ya fimbo, bila kuigusa. Kwa aliyekuwa mbali ilionekana amefuta. Akageuza fimbo, akatanguliza upande mnene.

"Safi," alisema.

"Nimepokea," alijibu Shemeji. Hakuitazama. Kwa miaka kumi na moja alikuwa amepokea fimbo kutoka mkono huo, na hakuna siku aliyowahi kuitazama.

Aliinama haraka, kama kawaida yake. Akavuta nyuma, akasukuma. Fimbo ilikwama kwenye mkono wake mkavu, ikapiga kelele ndogo kama kiatu kipya, kisha ikachomoka upande. Mweupe uliugusa mweusi pembeni tu. Mweusi ulivingirika, ukalipita tundu la kati, ukaenda kusimama mbele kabisa ya tundu la kona, nusu yake ikining'inia.

"Ha!" alisema mtu mmoja, akajiziba mdomo.

Shemeji alibaki ameinama. Alikitazama kidole chake gumba. Kilikuwa na utando wa buluu. Kisha akasimama wima, akatoa kitambaa chake mfukoni, kile kilichofuliwa kwenye ndoo moja na cha Taulo, akaanza kuifuta fimbo, kutoka kwenye unene kuelekea kwenye ncha, bila kurudi nyuma, kama alivyofundishwa. Kitambaa kilikuwa cheupe. Kilipofika kwenye ncha kilikuwa kimelowa na kugeuka rangi ya kijivu na buluu, na watu wote waliokuwa ukumbini walikiona, kwa sababu hakukificha wala hakukionyesha. Kila mtu alijua kwamba jasho lile halikuwa la kwake. Akakigeuza upande wa pili, akafuta tena. Akachukua kitambaa kikavu, akasugua mpaka mbao ikapata joto.

Taulo alitaka amzuie. Alitaka aseme, basi, inatosha, nipe hivyo hivyo. Akabaki amekishika kitambaa chake.

Shemeji aligeuza fimbo, akatanguliza upande mnene.

"Safi."

Kapteni alikuwa ameinamisha kichwa. Kanuni ilikuwa kanuni: aliyesema nimepokea, amepokea. Hakuna aliyekuwa na la kuingilia.

"Nimepokea," alisema Taulo, na sauti yake ikawa ndogo kuliko alivyokusudia.

Fimbo ilipita mkononi mwake kana kwamba haikuwapo. Tangu aanze kucheza hakuwahi kushika fimbo laini kama ile. Mweusi ulianguka kwenye tundu la kona, ukasikika ukishuka ndani ya meza, ukienda, ukienda, mpaka ukagonga mwisho.

Hakuna aliyepiga makofi.

Nyumbani mkewe alikuwa amekaa sebuleni, mikono mapajani. Alimtazama usoni, akaelewa nani ameshinda, akafumba macho kidogo.

"Alikosa?"

"Alikosa."

"Mpira gani?"

"Mweusi."

"Wa mbali?"

Taulo aliketi. "Haukuwa mbali."

"Mdogo wangu hakosi mpira wa karibu. Tangu ulipomfundisha hajakosa."

"Fimbo ilikwama."

Mkewe alifumbua macho. "Ilitoka kwa nani?"

Taulo alijifuta viganja kwenye suruali. Nje watoto walikuwa wakiruka kamba, wakihesabu kwa sauti. Walihesabu hadi kumi na saba kabla mkewe hajainuka. Alijitanda kanga, akavuka uwanja kwenda nyumba ya mdogo wake kumsaidia wifi yake kufunga mizigo. Mlangoni alisema bila kugeuka, "Vitambaa vyako leo vifue mwenyewe."

Alivifua Jumapili asubuhi, bombani, mbele ya watu waliokuja kuteka maji. Alivisuuza mara tatu, na mara zote maji yalitoka na buluu. Alikuwa akisuuza mara ya nne Shemeji alipokuja na ndoo tupu, akaiweka chini, akachuchumaa kando yake.

"Salama, shemeji?"

"Salama."

"Mimi nimeshafua changu." Alikitoa mfukoni, kimekunjwa, akakiweka juu ya goti la Taulo. "Ulinipa wewe, ile siku ya kwanza. Unakumbuka? Ulisema mtu asiye na kitambaa asiguse fimbo."

"Kiache. Ni chako."

"Ninakokwenda hakuna meza." Aliikinga ndoo, akafungua bomba. Maji yalipiga kelele kwenye bati. "Unajua, ningekuwa mimi, nisingeacha jasho tu. Ningepaka na asali."

"Usiseme hivyo."

"Nakutania, shemeji. Nisipotania nitalia, na hawa wanawake wananitazama."

Taulo alikikamua kitambaa. Alitaka kusema alikuwa hana njia, na kwamba mikono yake haina pengine pa kwenda. Yote yalikuwa kweli, na yote Shemeji aliyajua tangu akiwa kijana wa kuombewa kazi. "Nisamehe," alisema.

"Nilishasema nimepokea," alijibu Shemeji. Alijaribu kutabasamu, uso ukamkatalia. Ndoo ilikuwa imejaa na inamwagika. Aliinyanyua, akaondoka nayo akiinama upande mmoja, na hakumpa mkono.

Jumatatu kitengo cha msasa kilikuwa na watu wachache. Taulo aliambiwa aendelee na kazi yake hadi mashine itakapofika, kisha angepangiwa kazi nyingine. Upande wa pili wa karakana ile mashine ya kukereza ilikuwa imefunikwa turubai. Alisugua miguu ya viti tangu asubuhi. Vumbi lilimwagika juu ya mikono yake kama siku zote, likalinywa jasho kama siku zote, na viganja vikawa vikavu.

Saa saba iliingia zamu ya mchana. Aliyempokea alikuwa mtu mnene, mpole, waliyekabidhiana naye vyombo kwa miaka tisa, na ambaye Jumamosi alikuwa amesimama dirishani. Taulo alikifuta kibao chake cha msasa. Alikifuta vizuri, pande zote nne na kwenye pembe, akapuliza vumbi, akafuta tena. Akakitanguliza.

"Safi," alisema.

Yule mtu alikipokea. Hakusema neno. Alisimama nacho, akasita, akaonekana kuona aibu. Kisha akatoa kitambaa chake mwenyewe mfukoni, akakifuta.